Pimbi Autafutia Mkuyu Mwenzake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kualikana chai, Pimbi aliishi juu ya mwamba. Bibi huyu mdogo alikuwa na mkuyu ndani ya bakuli la udongo. Mkuyu kamili, una shina na matawi, lakini kimo chake hakikuzidi masikio ya sungura! Marehemu mama yake aliupogoa miaka mingi ili ubaki mdogo.

Mwaka huo jua likakausha kila kitu. Akaja Nyati, jirani wa bondeni. Kishindo, ti! ti! ti!

"Hodi, Bi Pimbi! Nina njaa. Kesho nakuja kuula huo mkuyu."

"Jamani, Bwana Nyati! Kwako ni tonge moja. Kwangu ndiyo kumbukumbu ya mama."

"Mwenye njaa hana mwiko," akajibu Nyati kwa unyonge, akaondoka.

Pimbi akalia, kwi kwi kwi. Kisha akamwita shoga yake Kobe. "Mkuyu huu unataka mwenzake wa kuulinda. Twende kwenye chemchemi iliyofichika miambani, bado kuna majani machache, tukautafutie."

Kobe akang'oa mnanaa. "Huu unanukia!"

"La, utatambaa mpaka bakulini uunyonge."

"Na mgomba huu mchanga?"

"Kobe we! Utaunyima jua!"

Mara mguu wa Pimbi ukagusa kijani kidogo chini. Nywii! Majani yakajikunja. Kilikuwa kifauongo, kile kimmea ambacho kikiguswa hujifanya kimekufa.

"Huyu ndiye!" Akakipanda kwenye kigae, akakiweka kando ya mkuyu.

Asubuhi, ti! ti! ti!

"Karibu, Bwana Nyati. Ila mkuyu huu una sumu. Hata kinachokaa karibu nao hufa kwa kuguswa na pumzi tu. Hebu kipulize kijani hicho."

"Fuuu!"

Nywii! Majani yakalala.

"Lo! Kimekufa!"

"Hicho kimekaa karibu tu. Sembuse wa kuumeza!"

Nyati akarudi nyuma, machozi yakimlengalenga. "Sasa nitakula nini? Nimebaki mifupa."

Pimbi akamhurumia. "Mimi nakaa juu, naona mbali. Alfajiri hii nimeona nyuma ya kilima kile mvua ilinyesha, nyasi zimeota. Wahi, jirani."

"Ahsante, dada yangu!" Nyati akatimua mbio, vumbi likatanda.

Huku nyuma, jani moja moja, kifauongo kikafumbuka. Kobe akacheka hadi akapinduka chali.

Ndiyo hivyo, wanangu: mnyonge akichagua mwenzake kwa akili, mwenye nguvu humpisha.