Sinia la Mwenye Bustani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Bustani bila watu, ndege bila wimbo.

Hapo kale palikuwa na ndugu wawili, Mwanaidi na mdogo wake Mize. Siku moja ya kiangazi Mwanaidi akasema, "Twende ng'ambo ya mto, kwenye ile bustani, tukatazame ndege."

"Mama amekataza."

"Mama anakataza hata kucheka. Njoo, mwoga we!"

Basi wakaenda. Bustanini mlikuwa na mapera na mastafeli, na ndege wa kila rangi, lakini hakuna aliyeimba. Waliwakodolea macho tu.

Mize akashuka mtoni kunywa maji. Aliporudi, dada yake hayupo. Kanga yake imelala juu ya mkeka chini ya mti, na mzee mrefu ameketi mbele ya sinia la matunda. Mzee akacheka, na Mize akaona meno yake ni safu mbili juu, safu mbili chini. Zimwi!

"Dada yangu yuko wapi?"

"Amekula, ameshiba, yuko mtini. Nawe keti, ule cha upande wako. Mbele yako ndipo pako."

Mize akatazama juu. Ndege mdogo, chozi, anatetemeka tawini, shingoni ana ushanga mwekundu wa Mwanaidi. Akikimbia, dada yake atabaki ndege.

"Kula!" zimwi likanguruma. "Mbele yako ndipo pako!"

"Nile bila kunawa, babu? Kwetu mwenyeji humnawisha mgeni. Au ninyi hamkufunzwa?"

"Kitoto kina mdomo! Nitakunawisha, kisha nitakutia tunduni." Likachukua kata ya kuchotea maji, likaenda mtoni kwa hasira.

Basi Mize akalishika sinia kwa mikono miwili, akaligeuza. Upande wake ukaenda kwa zimwi, upande wa zimwi ukaja kwake. Kwao, anayegeuza sinia huchapwa.

Zimwi likarudi, likammiminia maji. Mize akala pera.

"Vizuri," likasema zimwi. "Nami nile, huku nikikutazama unavyoota manyoya." Likatia stafeli kinywani.

Pua yake ikarefuka ikawa mdomo wa hondohondo. Mikono ikawa mbawa.

"Umegeuza sinia! Mtoto huna adabu!"

"Mbele yako ndipo pako, babu."

Ndege wote wakalishukia, wakalidonoa, likaruka likipiga kelele hadi likapotea. Uchawi uliomrudia mwenyewe hukatika. Basi ndege mmoja mmoja wakatua chini wakawa watu, wakilia.

Mwanaidi akajifunga kanga. "Mdogo wangu, usimwambie mama."

"Shingo yako itamwambia."

Mwanaidi akajishika shingo. Manyoya machache yalikuwa yamebaki, na hayakutoka mpaka alipozeeka. Kila kiangazi, watu wakijipepea kwa joto, yeye aliviringa kanga shingoni.

Hadithi yangu imeishia hapo, sinia likiwa tupu. Ukikaribishwa na usiyemjua, mtazame yeye kwanza, chakula baadaye.