Barua Moja, Kiti Kimoja

Hapo zamani, nyie mnaocheka kabla sijaanza, na zamani yangu si ya mbali sana: ndege zilikuwepo, simu zilikuwepo, na visingizio vilikuwepo tele. Kaeni vizuri. Leo sina hadithi tu, nina kesi, na nyie ndio mahakimu wangu.

Palikuwa na mwanamke wa Bukoba aitwaye Kokubanza. Kaka yake aliyehamia Dar es Salaam alikuwa na binti, Kemilembe, na binti huyo alikuwa anaolewa Jumamosi asubuhi. Sasa kwao bibi harusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono amvushe mlango. Hakuna shangazi, hakuna harusi. Basi Alhamisi shangazi akafika uwanja wa ndege na gauni jipya, na mkononi ndoo ya senene hai, wale panzi watamu wa kwao, mfuniko umetobolewa matundu wapate kupumua. Senene hao Kemilembe angewachambua mwenyewe, amkaangie mumewe. Shangazi alifurahi mpaka akamsalimia mlinzi mara tatu.

Ndege haikuja. Akaja Bwana Fikirini, meneja wa shirika lile, kijana wa Tanga aliyehamishiwa Bukoba mwezi huohuo. Akasimama mlangoni pa ofisi yake, akasafisha koo.

"Samahani abiria. Safari imefutwa. Hali ya hewa ni mbaya."

Abiria wakatazama nje. Jua linawaka, mbuzi kajilaza kivulini, ulimi nje. Wakasonya, wakakimbilia stendi kugombea basi la siku ile, wakalijaza mpaka mlangoni. Basi la kesho lingefika Dar harusi imeshakwisha.

Wakabaki watatu. Kokubanza alibaki kwa sababu ya ndoo. Mzee Ishengoma alibaki kwa sababu ya magoti. Na Mwalimu Advela, msichana wa darasa la tatu B, namaanisha mwalimu wa darasa hilo, alibaki kwa sababu hakuamini. Hajawahi kupanda ndege maishani! Padri alimwombea kanisani, wanafunzi walimwimbia, kata nzima ilimsindikiza mpaka getini. Atarudije kwa miguu?

Watanzania watatu wakikwama mahali pamoja wanafanya nini? Wanaunda kamati. Mzee Ishengoma akawa mwenyekiti kwa mvi zake, Advela katibu kwa kuwa na kalamu, Kokubanza mweka hazina, ingawa hazina yenyewe ilikuwa ile ndoo. Wakaandika barua moja, nzuri, yenye "Yah:" na mstari chini yake: Sisi, Kamati ya Abiria Waliofutiwa Safari, tunadai fidia. Wakaingia ofisini kwa mstari.

Bwana Fikirini akaisoma. "Wazee wangu, hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Mungu halipi fidia."

Hapo Mzee Ishengoma akatoa daftari mfukoni. Mzee huyu, kabla ya kustaafu, alipima mvua na upepo miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kunywa chai kabla ya kuandika mawingu.

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasoma, "mbingu nyeupe, upepo wa kupeperusha leso. Saa moja, vilevile. Saa mbili, vilevile. Bwana meneja, hiyo hali ya hewa mbaya ilipita njia gani nisiione?"

Bwana Fikirini akajikuna shingo. "Haya. Ndege ina tatizo la gurudumu. Lakini kanuni zetu hazisemi chochote."

"Zinasema!" akaruka Advela. Tiketi yake alikuwa amekaa nayo wiki tatu, na kila jioni, rozari ikiisha, aliwasomea watu wa nyumbani yale maandishi madogo kwa sauti. Akafumba macho kama mtoto anayetamka shairi. "Kifungu cha kumi na nne. Shirika likifuta safari kwa sababu yake lenyewe, mlalamikaji atapewa kiti katika ndege inayofuata, bila masharti!"

Bwana Fikirini akafungua kitabu chake. Kifungu kipo. Akakifunga polepole. "Ni kweli, mwalimu. Tatizo ni muhuri. Bosi kaenda nao semina. Njooni Jumatatu."

Jumatatu! Kokubanza akahisi machozi yanapanda. Akamwona Kemilembe ndani ya chumba, shela kichwani, anasubiri mkono usiokuja. Kisha hasira ikayameza machozi. Akaitua ndoo juu ya meza ya meneja, pwaa!

"Basi nitunzie na hawa mpaka Jumatatu."

Mfuniko ukafunguka. Ulifunguka au ulifunguliwa? Msiniulize, mimi nilikuwa nje.

Jamani! Senene walitoka wakajaa ofisi nzima. Senene kwenye kompyuta, senene kwenye feni, senene kwenye kikombe cha chai, na mmoja, mnene, akaingia ndani ya kola ya Bwana Fikirini akashuka mgongoni. Kijana wa Tanga akapanda juu ya kiti.

"Mama yangu wee! Wadudu! Toa wadudu!"

"Hawa si wadudu," akasema Kokubanza, "ni mboga."

"Kumbe muhuri uko hapa!" akalia Bwana Fikirini. Akauchomoa kwenye droo ya juu, akaandika huku anacheza ngoma isiyo na jina, akagonga, akawatupia karatasi. Kisha akatoka mbio, akarukia bodaboda na muhuri wake mkononi, simu akaizima.

Kamati ikacheka mpaka ikakaa chini. Wakawakusanya senene, mlinzi akisaidia na kuweka wachache mfukoni mwake, nusu ndoo ikapatikana. Ndipo Advela akaisoma ile karatasi, na kicheko kikamkauka.

"Barua moja, mlalamikaji mmoja. Mwenye karatasi hii apewe kiti kimoja, ndege ya kesho asubuhi."

"Lakini sisi ni watatu," akasema Mzee Ishengoma.

"Sisi ni kamati," akasema Advela. "Kamati ni moja."

Kumbe heshima na utaratibu ndivyo vilivyowaponza! Kila mtu angejiandikia barua yake, zingegongwa tatu. Nani sasa aende?

"Mimi," akasema mzee. "Bila daftari langu mngekuwa bado mnaambiwa habari za Mungu. Na mjukuu wangu wa kwanza, huko Dar, ana mwezi mzima hana jina, kwetu babu ndiye anayelitamka. Wanamwita 'Yeye.' Yeye kalala, Yeye kalia. Mnaona vizuri?"

"Babu, si ulitamke kwa simu?" akauliza Advela.

"Jina lipite kwenye simu? Litafika limekwaruzika."

"Basi niende mimi," akaendelea Advela. "Bila kifungu cha kumi na nne, gurudumu lao lisingetupa kitu. Na nikirudi nyumbani bila kuruka, darasa zima litaniuliza mawinguni kuna nini. Nitawadanganya watoto?"

Kokubanza akaishika karatasi kifuani, maana yeye ndiye mweka hazina. "Daftari mlileta, kifungu mlileta, na bado tuliambiwa Jumatatu. Nani aliyeutoa muhuri kwenye droo?"

"Senene!" wakasema wote wawili.

"Na senene wa nani?"

Wakapiga kura za siri, kama kamati inavyopaswa. Katibu akazifungua: Ishengoma moja, Advela moja, Kokubanza moja. Kila mtu alijipigia. Kokubanza akaona haya, maana mkono wake ulikuwa umeanza kuandika jina la yule mwalimu, ukaghairi.

Simu yake ikalia. "Shangazi," ikasema sauti ya Kemilembe, "wananiambia mama mdogo anaweza kunitoa. Nimekataa. Nakusubiri wewe. Unakuja?"

"Wewe vaa, mwanangu," akasema Kokubanza.

Kesho yake ndege ikatua, gurudumu zima, jua lilelile. Mhudumu akasimama chini ya ngazi. "Mwenye karatasi ni nani? Haraka, tunafunga mlango!"

Wakanyoosha mkono wote watatu, na karatasi ilikuwa moja, kila mmoja kaishika pembe yake. Mzee hakuachia. Mwalimu hakuachia. Na shangazi, ndoo mkono huu na karatasi mkono ule, akawatazama wenzake aliocheka nao jana, akasikia anawapenda, na hakuachia.

Mhudumu anasubiri mpaka leo. Semeni basi, mahakimu: aliyefichua uongo, aliyeijua haki, na aliyeutoa muhuri kwenye droo, je, nani alistahili kile kiti?