Nani Alilifumba Jicho la Bi Mwantumu?

Haya, sogeeni. Wewe uliye mlangoni, ingia au toka, usinizibie hewa. Redio hiyo izimeni. Mwenye karanga kinywani atafune amalize, maana hadithi hii ina mtu anayelia kwa sauti ya chini, na mkipiga kelele hamtamsikia. Kimya. Bado namsikia mtu anatafuna. Kimya kabisa. Sasa.

Walikuwapo wanawake watatu pale Tanga, na kila mmoja Mungu alimpa kitu chake.

Wa kwanza, Bi Raya, alipewa mkono. Alifanya kazi miaka kumi na saba pembeni ya madaktari wa Kichina, akijifunza zile sindano zao nyembamba kama unywele, zisizokuwa na dawa ndani, za kutiwa mwilini zikaachwa humo kidogo kisha zikatolewa. Halafu akafungua chumba chake mwenyewe. Walisema Bi Raya akikutia sindano shavuni, nzi aliyetua hapo haruki.

Wa pili, Mashavu, alipewa moyo. Msidhani ni moyo wa kutoogopa, la! Mashavu aliogopa mjusi, aliogopa radi, aliogopa bata mzinga wa jirani, na kuliko vyote aliogopa sindano. Homa zake zote alizimaliza kwa vidonge. Lakini akishasema "nipo", yupo. Moyo wake ulikuwa unatetemeka huku unakwenda.

Wa tatu alikuwa Esha, na huyu alipewa sikio. Alilipata kwa uchungu. Alitoka Mombasa kuolewa Tanga, na kila akifungua kinywa watu walimcheka. Akisema "mato", watoto wanamsahihisha, "Macho, shangazi, macho!" Akienda dukani kununua mchele akauita "mtele", muuzaji anamwuliza, "Mtele ndiyo nini, ugonjwa?" Basi akanyamaza. Na mtu akinyamaza miaka miwili, masikio humwota mpaka mgongoni.

Sasa huyo Esha alikuwa na mama mkwe, Bi Mwantumu, na huyu ndiye aliyepatwa.

Bi Mwantumu alikuwa mshonaji wa kofia za mkono. Mnazijua zile, tundu ndogondogo zinazozungushiwa uzi mmoja mmoja mpaka kofia nzima inakuwa kama ua. Nakshi zake alizichora kwenye vikaratasi, akavitia katika sanduku la mbao, na hakuna mwingine Tanga nzima aliyeshona nakshi zile. Waume za watu walikuwa wakingoja kofia moja miezi minane, wala hawalalamiki.

Asubuhi moja Bi Mwantumu aliamka akasukutua, maji yakammwagika upande. Akasukutua tena, yakamwagika tena. Akaenda kwenye kioo. Nusu ya uso ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu asiyemjua: shavu limelala, mdomo umeshuka, na jicho la kulia limekodoa. Akalifumba. Halikufumba. Akalishusha kwa kidole, alipoondoa kidole likafunguka polepole, kama mlango usio na komeo. Akapiga ukelele uliomtoa Mashavu nyumba ya pili akiwa na unga mikononi.

"Jini limempiga kofi," wakasema majirani.

"Jini gani la kupiga kofi wazee?" Mashavu akawajibu. "Halina kazi?"

Lakini na yeye alikuwa anatetemeka.

Hospitali wakampa dawa ya matone na kitambaa cha kulifunika jicho. Daktari akasema, "Mama, uso unaweza kurudi wenyewe na unaweza kuchelewa. Ila jicho lisilofumba hukauka, na likikauka sana linaweza kutoona tena. Usikae nyumbani ukangoja."

Wiki tatu zikapita, uso haukurudi. Jicho likawa jekundu kama pilipili. Bi Mwantumu akishika kofia, uzi mmoja anauona miwili, tundu moja anaiona wingu. Akaweka kofia chini.

"Mashavu, nikipofuka, mimi ni nani?" akauliza.

Mashavu akaiokota ile kofia. Akasema, "Twende kwa Raya."

Wakaenda watatu, Esha yuko nyuma amebeba mkoba. Chumbani kwa Bi Raya kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wamekaa mabibi waliokuja kutafuta ujana, maana sindano zile hutiwa usoni pia ngozi ipate kukaza. "Mimi nataka makunyanzi haya yaondoke kabla ya harusi ya mwanangu," anasema mmoja. Mwingine anamjibu, "Yako hayaondoki kwa sindano, shoga, yako yanataka pasi." Wakacheka. Walipoona uso wa Bi Mwantumu wakampisha.

Bi Raya akamkaribisha kwa heshima zote. Akanawa mikono, akafungua pakiti mpya, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Shikamoo, Bi mkubwa. Lala chali, legeza mwili." Bi Mwantumu akalala. "Nakuchoma usoni, kumi na nne..."

Wallahi, hakumaliza. Bi Mwantumu aliruka kitandani kama amekanyaga kaa. Akapita katikati ya mabibi, kitambaa cha jicho kimeanguka, kanga imebaki mkononi mwa Esha, akatoka barabarani kichwa wazi, mwanamke wa miaka sitini na mbili ambaye hajawahi kuonekana na mtu nywele zake. Walimkuta kwenye kona, ameegemea ukuta, meno yanagongana, na lile jicho bovu limetazama juani halina uwezo wa kujificha.

Mtaa ukacheka siku tatu. "Mshona kofia anaogopa sindano! Ni kama mpishi kuogopa mwiko."

Sasa sikilizeni alichofanya Mashavu. Alikwenda kwa rafiki yake akamwambia, "Rudi nami kesho. Hulali wewe, nalala mimi. Wewe kaa kwenye kiti utazame." Bi Mwantumu akasema, "Wewe? Wewe uliyezimia ulipoona ng'ombe akichanjwa?" Mashavu akasema, "Mimi. Nipo." Kesho yake akalala chali, mikono imeshika kingo za kitanda, anasoma kila sura ya Kurani aliyopata kuisoma chuoni, nyingine nusunusu. Bi Raya akamtia ya kwanza kwenye paji, ya pili, ya tatu, mpaka kumi na nne. Machozi yalimtiririka Mashavu mpaka masikioni, na hakuyapangusa, aliogopa kugusa uso wake mwenyewe. Mabibi wa benchi wakachungulia. "Jamani, Mashavu kawa nungunungu!" Alipotolewa sindano akajigusa mashavu, akakuta hakuna damu, akaanza kucheka hawezi kuacha. "Mwantumu! Mbu ana maneno kuliko hizi!"

Bi Mwantumu akaona kwa jicho lake zima. Akasogea. Akapanda kitandani mwenyewe, akalala, akashika mkono wa Mashavu. Akasema, "Ila nisilale peke yangu. Kila nikilazwa, nawe ulazwe." Mashavu akakubali.

Bi Raya akainua sindano. "Haya Bi mkubwa, nachoma ya kwanza."

Bi Mwantumu akakaa kitako, macho yamemtoka, jasho linatiririka. "Siwezi. Siwezi, Raya. Nisamehe, mwanangu. Siwezi." Akateremka. Akaenda zake.

Bi Raya akaweka sindano. Alikuwa karibu kulia na yeye. "Nimewatibu watoto wachanga. Nimewatibu wanajeshi. Huyu anaogopa nini? Na kila siku anakaa na sindano mkononi!"

Hakuna aliyejua. Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa amesimama kando na mkoba mara zote mbili, akisikiliza.

Esha alingoja mpaka wamerudi nyumbani, wamekaa jikoni wawili, wanachambua mchicha. Akasema polepole kwa lugha yake, "Mama, nambia. Ile sindano hukuiogopa. Iliinuliwa mbele yako na ulikuwa umetulia. Ulishituka Bi Raya aliposema. Ni neno gani lile?"

Bi Mwantumu akaacha mchicha. Kisha akasimulia jambo ambalo mwanawe wa kumzaa alikuwa halijui.

Alikuwa na miaka sita, analelewa na bibi yake huko mashambani. Watoto wawili wa kijiji walikufa kwa homa mwezi mmoja, watu wakasema bibi ndiye mchawi. Wakaja mchana, jua liko juu. Bibi akamsukuma chini ya kitanda, akamwambia, "Lala chali, usipumue kwa sauti." Akalala chali. Nje watu wengi wanaimba neno moja tu, kina mama na kina baba, sauti anazozijua, sauti za watu waliompa miwa. "Choma! Choma! Choma!" Bibi akatoka mlangoni kuwasihi. Makuti ya paa yakashika moto. Mtu mmoja alivunja ukuta wa nyuma akamvuta mtoto kwa mguu. Bibi hakurudi.

"Akili yangu inajua sindano huchomwa, haina moto," akasema Bi Mwantumu. "Masikio ndiyo hayajui. Nikiwa nimesimama nalisikia neno hilo, napita. Nyama huchomwa, mahindi huchomwa, napita. Lakini nilale chali, mtu asimame juu yangu aliseme, basi mimi niko chini ya kile kitanda. Nasikia na harufu."

Esha akafuta mikono. Akasema, "Mama, kwetu Mombasa sindano haichomwi. Twadunga. Mtu hudungwa sindano. Hakuna hata mmoja kwetu aliyechomwa."

"Dungwa," akasema Bi Mwantumu, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Dungwa. Na mato yako yatapona, in shaa Allah."

Na Bi Mwantumu, aliyekuwa amemcheka mkwewe miaka miwili kwa neno hilo la mato, hakucheka.

Esha akaenda mwenyewe kwa Bi Raya, na kwa mara ya kwanza akazungumza mbele ya mabibi wote wa benchi. Hakusimulia habari ya moto, hiyo aliificha. Alisema tu, "Bi Raya, nakuomba, neno la kuchoma lisitajwe humu mama akiwapo. Sema kudunga." Bibi mmoja akacheka, "Leo tunafundishwa Kiswahili na Mombasa!" Bi Raya akamkazia macho mpaka akanyamaza. Miaka kumi na saba na zaidi kinywa chake kilikuwa kimezoea neno lile. Siku hiyo akajiuma ulimi mara mbili, lakini halikutoka.

"Lala, Bi mkubwa. Nadunga ya kwanza."

Bi Mwantumu alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Msidhani woga ulikwisha, haukwisha. Kwenye kitanda cha pili Mashavu alikuwa amelala na sindano kumi na nne usoni, anatetemeka vilevile, wameshikana mikono katikati kama watoto wanaovuka barabara. Lakini Bi Mwantumu alibaki. Sindano ikaingia. Ikaingia ya pili.

Walikwenda mara kumi na mbili. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu hakuna kitu, na jicho linazidi ukungu, na Bi Mwantumu anauliza, "Raya, tumechelewa?" na Bi Raya anatafuta kwa ncha ya kidole mahali pa kudunga, mahali padogo kuliko punje ya mtama, maana akikosea hapo kazi yote ni bure. Ya sita, ukope ukacheza. Ya tisa, Bi Raya akasema kama alivyosema kila siku, "Fumba macho."

Akafumba. Wote wakangoja lile la kulia lifunguke. Halikufunguka.

"Giza," akasema Bi Mwantumu. "Jamani, giza! Nimepata giza pande zote mbili!" Akalia, na machozi yakabaki ndani mpaka alipotaka mwenyewe yatoke.

Mashavu naye aliinuka na ngozi ya msichana, maana sindano mia na zaidi si mchezo. Mumewe akamwuliza, "Wewe ni nani?"

Bi Mwantumu alishona miaka saba tena. Alipokaribia kufariki, wasia wake aliusema mbele ya imamu na mashahidi. Nyumba alirithi mwanawe Kassimu, mume wa Esha. Michungwa ya Muheza walirithi binti zake, Mwanakheri na Zawadi. Mkasi na subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, alipewa mjukuu wake Hidaya. Na sanduku la nakshi, ambalo mila ya washonaji hairuhusu kuligawa, maana nakshi zikigawanywa hufa, akasema, "Apewe aliyenirudishia jicho." Akakata roho bila kutaja jina.

Msiniambie ni Mungu aliyemponya. Hilo tunalijua sote, na Mungu hagombei sanduku.

Bi Raya anasema, "Maneno na kushikana mikono haviamshi shavu lililolala. Ni mkono huu." Mashavu anasema, "Mimi uzi siwezi hata kuupitisha tunduni, lakini alisema halali peke yake, na mimi nililala kwa woga wangu wote mara kumi na mbili, tena mzima, siumwi." Esha hasemi kitu. Wanaomsemea wanasema, "Mkono ulikuwapo na moyo ulikuwapo, na bibi akakimbia vilevile, mpaka lilipopatikana neno." Na wanaompinga wanasema anayo nyumba ya mumewe, inamtosha.

Sanduku liko kabatini kwa mke wa imamu, halijafunguliwa. Idi tatu zimepita watu wanavaa kofia za dukani.

Sasa nyie mlionyamaza vizuri, semeni. Sanduku ni moja, wanawake ni watatu, na kila mmoja ukimwondoa, jicho linapofuka. Je, wewe ungeamua vipi? Na wale wawili uliowanyima, ungewaambia nini machoni?