Bwana na Bibi wa Mti Mweupe

Hadithi hii ilinifikia kwa mkono wa mtu, nami sitaki iishie kwangu. Isome polepole, kisha umpe na mwingine.

Katika mji mmoja wa wafanyabiashara waliishi matajiri wawili waliopenda kukusanya kazi za sanaa. Mmoja aliitwa Badawi, wa pili Hatibu. Siku hizo kazi nzuri za mikono hazikuwa za kila mtu. Sanamu, picha, vyungu vya nakshi na viti vya kuchonga vilikaa ndani ya majumba ya wenye nacho, na aliyeviona ni mgeni aliyealikwa kula. Wengine wote waliishia mlangoni.

Badawi alikuwa na vitu vingi kuliko Hatibu, na nyumba kubwa zaidi. Lakini wageni wake, wakishashiba na kuanza kuvaa viatu, hawakukosa kuulizana, "Na kile kiti cha Hatibu, umekiona?" Badawi alicheka nao. Wakishaondoka, alifunga mlango kwa kishindo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Hatibu hakuonekana kushindana naye. Alinunua kitu kimoja, akakaa nacho, akakipangusa mwenyewe, akakisifu kama mtu anayemsifu mwanawe. Badawi hakuwa na jicho hilo, na alijua kuwa hana. Kwa hiyo alizoea kuutazama uso wa Hatibu badala ya kutazama vitu. Hatibu akikitamani kitu, Badawi alikinunua.

Ikatokea mali ya marehemu fulani kuuzwa kwa mnada. Humo mlikuwa na sanamu mbili, mume na mke, zilizochongwa na fundi mmoja kutoka gogo moja la mti mweupe. Mke alikuwa akicheka, amegeuza shingo kumtazama mumewe. Mume alikuwa ameinama kidogo upande wake, kama aliyemaliza kusema neno la kuchekesha. Watu wa mji waliwaita Bwana na Bibi.

Mnadi aliwauza mmoja mmoja. Hatibu alimpata Bibi, na fedha zake zikaishia hapo. Alipoletwa Bwana, aliyebaki akipandisha bei ni mchuuzi mgeni aliyekusanya vitu vya kupeleka ng'ambo. Hatibu alisimama pembeni, ameivua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. Badawi aliuona uso wake. Akapandisha bei mpaka yule mgeni akanyamaza.

Kesho yake Hatibu akaja kwake.

"Ndugu yangu, niuzie Bwana. Nitakulipa kidogo kidogo."

"Siuzi."

"Basi mchukue Bibi. Nakupa bure. Wakae kwako wote wawili, ila wasitenganishwe."

Badawi hakuyatarajia hayo. Lakini aliona mbele: akimpokea Bibi, kila mgeni atasikia kwamba ametolewa na Hatibu, naye atakuwa mtu wa kushukuru mpaka anakufa.

"Sina haja naye," alisema.

Hatibu akaichukua kofia yake. "Haya. Angalau Bwana amebaki mjini," akasema, akaaga.

Mke wa Badawi, Mwanasiti, alitaka sanamu ile iwekwe sebuleni.

"Kila atakayeiona ataniuliza mwenzake yuko wapi," Badawi akamjibu. "Unataka nilitaje jina la Hatibu nyumbani kwangu?"

Akamfunga Bwana katika gunia, akamlaza kwenye ghala nyuma ya nyumba, akafunga mlango kwa kufuli. Mara kwa mara Mwanasiti alimkumbusha kwamba ghala lile lina unyevu. Badawi alisema atalishughulikia. Ukweli ni kwamba hakutaka kuiona ile sanamu. Ilimtosha kujua kwamba Hatibu haioni.

Miaka ikapita, wote wawili wakawa wazee. Mfalme wa nchi ile akajenga nyumba kubwa katikati ya mji, akatangaza kwamba humo vitakusanywa vitu vizuri vya nchi, na kila mtu ataingia bila kulipa: mpagazi, muuza maandazi, mkulima aliyeleta mihogo sokoni. Nyumba hiyo ikaitwa makumbusho. Mfalme akawaomba matajiri watoe walivyo navyo.

Badawi alituma mikokoteni ya vitu ili awe wa kwanza, na akaomba chumba cha mbele. Akakipata. Hatibu alitoa vyote alivyokuwa navyo, akapewa chumba cha mwisho, wala hakulalamika. Kabla ya nyumba kufunguliwa, akafariki. Badawi alikwenda mazikoni, akalishika jeneza kama wengine. Akahisi amepumzika, na hakujikemea kwa kuhisi hivyo.

Siku ya kufunguliwa alivaa joho lake jipya, akasimama katika chumba chake kupokea sifa. Watu waliingia, wakatazama, wakapita. Muda si mrefu chumba kikawa kitupu, na sauti zikawa zinatoka mwisho wa nyumba. Badawi alisimama peke yake kati ya vitu vyake vyote, akimwonea wivu maiti.

Akazifuata zile sauti. Watu walikuwa wamejaa mbele ya Bibi. Wengine walicheka kwa kuwa yeye anacheka, na walipoufuata mtazamo wake waone anamcheka nani, wakanyamaza. Kando yake palikuwa na kijukwaa kitupu.

Damu ikampanda Badawi kichwani. Aliona kana kwamba Hatibu ametoka kaburini kumvua nguo mbele ya mji mzima. Akamwendea Mwanakheri, binti wa marehemu, aliyekuwa mtunzaji wa chumba kile.

"Hiki kijukwaa amekiweka nani hapa?"

"Baba, mzee wangu."

"Ili kila mtu ajue kwamba nilimnyima?"

Mwanakheri alimtazama kwa mshangao. "Kunyima? Baba alitusimulia tangu tukiwa wadogo. Alisema siku ile ya mnada fedha zilimwishia, na Bwana alikuwa anapakiwa kwenda ng'ambo, wewe ukasimama ukamwokoa. Alisema nchi nzima isingemwona tena kama si wewe. Alituasa pasiwekwe kitu kingine hapa. Hapa ni pako, siku utakayopenda."

Waliokuwa karibu wakasikia. Mwanamke mmoja mzee akampa mkono. "Kumbe ni wewe. Mungu akulipe. Lini utamleta?"

Badawi alitafuta neno, akapata moja tu. "Kesho."

Alimsimulia Mwanasiti aliyoyasikia, na asubuhi yake wakaenda ghalani. Kufuli lilikuwa limeota kutu, wakalivunja. Gunia lilikuwa pale pale. Badawi alipoliinua, likawa jepesi kama limejaa makapi. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni. Miguu haikuwapo, wala kiwiliwili. Kilichosalia ni kichwa, nacho upande mmoja kimeliwa chote. Ulikuwa upande wa kumtazama mke.

Badawi akakaa chini kwenye vumbi na joho lake.

"Nitasema ameibwa," alisema baada ya muda.

"Utamwambia yule mtoto wa Hatibu hivyo?" Mwanasiti akauliza. "Baba yake aliishi akikufikiria vizuri, nawe ulikuwa unajua kwamba sivyo."

Badawi akakaa na kile kichwa mapajani, na kwa mara ya kwanza akakitazama. Aliona mikunjo midogo pembeni ya jicho lililobaki, na mdomo uliojizuia kucheka. Kilikuwa kizuri kuliko vitu vyake vyote. Akalia kimya kimya, na Mwanasiti akamwacha alie.

Alikwenda makumbusho kwa miguu, amekibeba kichwa katika kitambaa cha mkewe. Akakifungua mbele ya Mwanakheri.

"Sikumwokoa," alisema. "Nilimnunua ili baba yako asimpate, kisha nikamficha. Mchwa wamemla kwangu."

Mwanakheri alishika mdomo. Machozi yalimtoka. Kisha akakipokea kile kichwa kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mtoto.

"Tumwite fundi amtengeneze?" akauliza.

"Hapana. Mweke kama alivyo."

Wakamweka. Bibi akawa anamchekea mume asiye na shavu wala mwili, na hakuna aliyewatazama akabaki vile vile. Badawi alikuwa akija mara nyingi na kukaa kwenye benchi la chumba kile. Chumba chake mwenyewe hakukanyaga tena.

Siku moja mwanamke aliyetoka shamba alisimama pale, akasikitika, akamgeukia.

"Mzee, mchwa hawa walitoka wapi?"

"Kwangu," Badawi akamjibu. Akamsogezea nafasi kwenye benchi, akamsimulia yote, bila kujipunguzia kosa.

Funzo: Ukikishika kitu kwa ajili tu ya kumkosesha mwenzako, hutakifaidi wewe wala yeye. Na huenda huyo unayemwonea wivu hajawahi kuwa adui yako hata siku moja.