Kompyuta Iliyobaki Ofisini

Sikieni habari ya muuza dawa mmoja wa jumla. Maghala yake yalikuwa mengi hata panya wa ghala la kwanza alikuwa hajawahi kumwona panya wa ghala la mwisho. Kila dawa iko wapi, ilijua kompyuta moja tu, ofisini kwake mjini. Programu imewekwa humo humo, haifunguki penginepo, na neno la siri analo yeye kichwani. Akigusa kitufe, jibu linatoka kabla kidole hakijanyanyuka.

Mkewe akamwambia, "Baba Tumsifu, wenzako siku hizi wanaweka kwenye mtandao. Popote ulipo unafungua na simu."

"Nikodolee kile kiduara kinachozunguka mpaka niote mvi? Na mtandao ukikatika? Yangu haizunguki, haikatiki."

"Na ukiwa mbali nayo?"

"Nikitaka kitu nakaa kwenye kiti changu, mama. Kwisha."

Siku moja wako shambani, mbali huko, nyoka mrefu kama mahubiri yangu akamgonga yule bwana mguuni. Wakamkimbiza zahanati. Mganga akasema, "Dawa ya sumu hii kwetu imeisha. Si wewe ndiye unayeiuza? Iko ghala gani?"

Alijua anayo. Boksi lake alilikumbuka, la bluu. Ghala ndilo hakulijua. Siku zote kompyuta ilijua kwa niaba yake. Mkewe akapiga simu ofisini. Karani akajibu, "Niko mbele yake, mama. Inaniuliza neno la siri."

Wakamsogezea simu mdomoni. Ulimi ulishakuwa mzito kama gogo. Kilichoeleweka ni kimoja tu: "Nipelekeni kwenye kiti changu."

Hakufika. Dawa waliikuta kesho yake, kwenye ghala lake lililopakana ukuta na zahanati ile ile; hakuna aliyefikiria kuanzia hapo.

Mnaguna? Na sisi je, Mungu tumemweka wapi? Si hapa, kwenye benchi hili, Jumapili? Hapa tunaomba mpaka mabati yanataka kung'oka. Lakini ukiwa wodini, mtoto anahema vibaya, unamtafuta Mungu humpati, unasema nipelekeni kanisani. Nani alikwambia yuko mbali? Amepakana ukuta na kitanda hicho, na wewe hujui, kwa sababu hujawahi kumtafuta nje ya hapa.

Ibada ikiisha, mlinzi atafunga mlango huu kwa kufuli. Kila mtu ajiulize akiwa njiani: nimetoka naye, au nimemfungia ndani?