Chumvi ya Mwakio

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Mghoi lilikuwa kuloweka beseni la maharage. Kulipokucha alikuwa amekufa. Sogeeni karibu, wenzangu, msikie yaliyompata Mwakio, mumewe.

Aliporudi kutoka kumzika, alikuta zimwi limeketi jikoni.

"Pole, shemeji," likasema. "Nipikie supu ya maharage haya na soseji. Yakiiva kabla jua halijatua, mkeo atarudi. Yasipoiva, nitayala, nami nitakwenda zangu."

Mwakio hakuwahi kupika. Alijaza sufuria, maharage mengine yakabaki kwenye beseni. Akatia soseji, akatia chumvi konzi nzima, akachochea moto.

Saa nane zimwi likauliza, "Yameiva?" Akabonyeza moja. "Bado."

Saa kumi likauliza, "Yameiva?" Akabonyeza jingine. "Bado."

Jua lilipogusa mlima likauliza tena, likicheka, "Shemeji, unapika kokoto?"

Mwakio akauma harage, jino likamuuma. "Bado," akasema, akalia.

Ndipo sauti ya Mghoi ikatoka kwenye mvuke, taratibu, kama alivyozoea kumwelekeza: "Mume wangu, chumvi hutiwa mwisho."

Jua likatua. Mwakio alimwita mkewe mara tatu. Zimwi likanywa supu yote, likatafuna maharage kama njugu, likaondoka.

Asubuhi Mwakio aliyapika maharage yaliyobaki kwenye beseni, bila chumvi. Yalipolainika akaitia, akaonja, akapakua mabakuli mawili.