Bendi ya Hatuamkii Msibani kwa Fisi

Nabisha na ngano!
Ingia nayo!
Ina meno!
Tukae mbali?
Kaeni karibu, ila shikeni watoto.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa na adabu kupita kiasi, alikuwako kanga mmoja, Mama Chororo, mama wa juzijuzi tu. Kifaranga wake mmoja, wengine wote walikwenda na maji ya mvua, na huyu aliyebaki alimbana ubawani hata akilala, hata akila, moyo du du du kila jani likianguka.

Wakati huo kukazuka bendi. Bendi gani sasa! Mwimbaji ni Pimbi, kile kinyama cha mawe kisicho na mkia. Tena haimbi, anapiga mayowe! Chura anapiga debe, ndu-ndu-ndu-ndu! Nyenje anasugua mabawa, chriiii! Wimbo unaanza na kwisha hujameza mate. Wakajiita Hatuamkii, na kweli hawakumwamkia mtu. Harusini kwa Mzee Kobe waliimba kuhusu makunyanzi ya bwana harusi, mpaka wapishi wakawatimua na miko.

"Toba!" Mama Chororo akamziba mwanawe masikio. "Hawa wamezaliwa na nani?"

Mara tangazo: Fisi kafa!

Yule Fisi aliyekula ndugu wa kila mtu, kafa. Wanyama wakaenda, maana msiba ni msiba. Na mila ya bonde lile, mkubwa akifa, watoto wachanga hupitishwa juu ya maiti, mmoja mmoja, wasije wakaota ndoto mbaya. Wakamkuta Fisi kalazwa jamvini, kafungwa sanda kutoka miguuni hadi shingoni. Kichwa wazi. Mdomo wazi.

"Bibi Fisi, mbona mdomo hamkumfunga?" akauliza Mzee Kobe.

"Ndio wasia wake, baba," mjane akajibu, analia bila machozi. "Alisema watoto wapite hapo hapo mdomoni, awaombee. Aanze mdogo kuliko wote. Mama Chororo, mlete, mwanangu."

Mama Chororo akasogea, akatazama. Mate! Maiti anadondokwa na mate, to, to, to! Akataka kusema, lakini nani atamsikiliza mama wa juzijuzi, na nyuma wanamsukuma, haya mama, haya, tumechoka kusimama...

Ndu-ndu-ndu-ndu!

"Nyie!" Mzee Kobe akang'aka. "Hata msibani?"

"Sisi na ukoo wa fisi ni watani tangu mababu," akasema Pimbi. "Mtani msibani haombi ruhusa. Au mila mnazijua za upande mmoja?"

Mzee Kobe akarudisha kichwa gambani. Kweli, mtani anaruhusiwa kumkejeli hata maiti, na mfiwa hakasiriki.

Chriiii! Waaaa!

"Fisi kafa! Safi!
Kafa na nini? Ulafi!"

Kwisha. Sikio la maiti likacheza, tik! Mama Chororo akaruka nyuma.

Chriiii! Waaaa!

"Fisi kafa! Safi!
Ukweni alijamba, akasema radi!"

Ukweni! Jamani, ukweni! Bibi Nyumbu akazirai, pu! Mdomo wa maiti ukatetemeka. Pimbi akampanda kifuani, akamwinamia sikioni.

Chriiii! Waaaa!

"Fisi kafa! Safi!
Paja la nyati pangoni, tumelila safi!"

Maiti akafumbua jicho.

"Lipi?" akanguruma. "La kulia au la kushoto?"

Pimbi akamkenulia meno.

"Yote mawili, mtani!"

Hawakugusa hata moja, pimbi hula majani, lakini tumbo la Fisi halikukumbuka hilo. Akaruka! Sanda ikambana miguu, akaenda kama gunia, tupu, tupu, tupu, mpaka ndani ya kaburi lake mwenyewe, puuu! Kila mama akanyakua wake. Mama Chororo hajui alipaaje, alijikuta juu ya mti, Chororo ubawani, mzima, analia pii pii.

Kulipokucha, baraza la wazee likakaa. Fisi naye yupo, anachechemea.

"Kumtukana maiti!" akasema Mzee Kobe.

"Lakini, mzee, hakuwa maiti," akasema Mama Chororo, kifaranga ubawani. "Alitaka kumla mwanangu."

"Hayo ni mengine, binti yangu. Tunazungumzia adabu hapa. Na yale mambo ya ukweni, mbele za watu!"

Bendi ikavunjwa siku hiyo hiyo. Debe likatobolewa. Fisi akapewa mbuzi, apoe moyo.

Basi, watoto, mafunzo ni haya: msiba ni msiba. Msipige kelele, msitukane, waamkieni wakubwa. Na mkimkuta mkubwa kalala mdomo wazi, anadondokwa na mate, piteni mmoja mmoja, kwa adabu.

Ngano yangu imekimbilia kichakani. Anayeitaka aifuate. Mie nina mtoto, siendi.